Kichujio cha masizi: maana, matumizi na lugha ya kubaini hitilafu zake

kichujio cha masizi nm vi- [ki-/vi-] kifaa cha kauri kinachofungwa kwenye njia ya moshi ya injini ya dizeli ili kunasa chembe za masizi kabla hazijatoka hewani: Kichujio cha masizi cha lori hili kimejaa. Pia: dipiefu (mazungumzo), filta ya ekzosi (mazungumzo, taz. tahadhari); masega (mazungumzo, taz. tahadhari).

Kifaa hiki ni kigeni katika Kiswahili kuliko kilivyo katika mitaa ya Dar es Salaam. Katika magari madogo yanayotengenezwa kwa wingi kilianza kuonekana mwaka 2000 kupitia Peugeot 607 ya Ufaransa. Huko Japani msukumo ulikuja Oktoba 2003, mji wa Tokyo ulipoanza kuyazuia magari ya dizeli yasiyokidhi kiwango chake cha moshi. Baada ya hapo malori madogo ya Isuzu, Hino na Mitsubishi yalitoka viwandani yakiwa na kifaa hicho chini ya bodi. Malori hayohayo, yakishatumika kwao kwa miaka kadhaa, huteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam na kuishia kubeba maboksi katika mitaa ya Kariakoo. Kifaa kilifika, jina lake halikufika. Mafundi wa Gerezani na wauza spea wa Kariakoo na Ilala ndio waliolazimika kukiita kitu fulani, nao walikiita kwa maneno waliyokuwa nayo tayari. Makala haya yanapitia maneno hayo kwa sababu moja ya kiutendaji: neno likikosewa, hukosewa pia utambuzi wa hitilafu, na mwenye gari ndiye anayelipa.

Filta na kichujio

Kitenzi cha asili ni “chuja”, nacho hutoa “chujio” na “kichujio”. Maumbo yote mawili ni sahihi. Katika maandishi ya kiufundi “kichujio” limezoeleka zaidi. “Filta” ni neno la mkopo lililokwisha kuwa la kawaida gerejini: filta ya oili, filta ya hewa, filta ya dizeli. Tatizo si asili ya neno bali mazoea yanayolifuata. Kwa mwenye gari wa Tanzania, filta ni kitu cha bei nafuu kinachotupwa kila gari linapofanyiwa sevisi. Akiambiwa “filta ya ekzosi imejaa”, huelewa kwamba ataivuka barabara, aingie duka la pili, anunue nyingine na mambo yaishe. Kumbe kichujio cha masizi kimekusudiwa kudumu kwa safari za makumi ya maelfu ya kilomita na zaidi, na hujisafisha chenyewe gari likiwa katika mwendo unaofaa. Kujaa kwake ni hali ya kawaida inayokuja na kuondoka. Kinachohitaji kuulizwa ni kwa nini safari hii hakikujisafisha.

Kwa hiyo mfasiri wa mwongozo wa gari anashauriwa kuandika “kichujio cha masizi” na kuacha “filta” kwa vile vinavyobadilishwa kila sevisi. Ufupisho “DPF”, ambao hutamkwa “dipiefu”, hauna ubaya katika mazungumzo ya fundi na fundi, lakini haumwambii mteja chochote.

Masega

Hili ndilo neno lenye utajiri mkubwa kuliko yote, na pia lenye hasara kubwa. “Sega” ni nyumba ya asali. Wingi wake “masega”. Fundi aliyeipasua ekzosi kwa mara ya kwanza na kukuta ndani yake kauri yenye vitundu vidogo vilivyopangana hakuhitaji kamusi, kwani alichokiona kilikuwa sega. Uundaji huu wa istilahi kwa kufananisha umbo ni wa Kiswahili kabisa, na hauna sababu ya kuonewa haya.

Lakini katika gereji za Dar es Salaam “masega” hutaja kwanza kichocheo cha kusafisha moshi, yaani kile kifaa chenye madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu ambacho kimo hata katika magari ya petroli. Madini hayo ndiyo sababu kuna wanunuzi wa masega chakavu. Kichujio cha masizi nacho kina umbo la sega, kwa hiyo neno likanyooshwa likakifunika. Tofauti ya vifaa hivyo viwili iko katika vitundu. Vya kichocheo viko wazi pande zote mbili. Moshi huingia huku na kutokea kule, ukigusana tu na madini yaliyopakwa kwenye kuta. Vya kichujio vimezibwa kwa kupokezana: kitundu kilicho wazi mbele kimezibwa nyuma, na jirani yake kimezibwa mbele. Moshi unalazimika kupenya katika ukuta wa kauri, na masizi hubaki upande wa pili. Kichujio kizima hunasa zaidi ya asilimia 90 ya chembe hizo.

Matokeo ya neno moja kwa vitu viwili yanasikika katika mazungumzo kama haya:

“Bosi, gari yako masega yameziba. Tuyatoe tu, itakuwa na nguvu.”
“Si yanajisafisha yenyewe, fundi?”
“Hayo hayajisafishi, bosi. Hayo ni ya kutoa.”

Fundi anasema kweli kuhusu kichocheo, ambacho hakina utaratibu wa kupandishiwa joto ili kujisafisha. Mteja naye anasema kweli kuhusu kichujio. Kila mmoja ana sega lake kichwani. Kauri ikishatolewa na kuuzwa, kompyuta ya injini huanza kusoma shinikizo ambalo haliwezekani, taa hurudi kwenye dashibodi, na masizi yaliyokuwa yakinaswa huishia vifuani mwa wachuuzi waliopanga bidhaa zao kando ya barabara. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwezi Juni 2012. Mapendekezo ya matumizi: “masega” liachwe kwa kichocheo, na pale ambapo ni lazima kulitumia kwa kichujio, liongezewe sifa, “masega ya masizi”.

Masizi na majivu

Maneno haya yote mawili ni ya ngeli ya ya-/ya-, hayana umoja, na kila mtu aliyekulia katika nyumba yenye jiko la kuni au mkaa anayajua bila kufundishwa. Masizi hushika kwenye matako ya sufuria. Majivu hubaki chini ya jiko. Masizi ni kitu ambacho bado hakijaungua sawasawa, na moto mkali ukiyapata huisha. Majivu yameshaungua, na hakuna moto utakaoyapunguza.

Ujuzi huo wa jikoni ndio hasa ufunguo wa kifaa hiki. Ndani ya kichujio hukusanyika vitu viwili. Masizi hutokana na dizeli isiyoungua kikamilifu. Majivu hutokana zaidi na viungo vya metali vilivyomo katika oili ya injini, ambayo kidogo yake huungua kila siku. Masizi hurundikana kwa saa chache na yanaweza kuunguzwa. Majivu hujikusanya kwa miaka na hutoka kwa kukifungua kichujio na kukisafisha kwa mashine ya hewa au maji, la sivyo kwa kukibadilisha. Fundi anayesema “imejaa uchafu” au “imejaa kaboni” amewanyima wateja wake tofauti ambayo bibi zao waliijua. Neno “kaboni” lina mahali pake, hasa katika kueleza ukoko unaoganda kwenye vali na njia za hewa, lakini halifai kusimama badala ya masizi na majivu kwa pamoja.

Hata kompyuta ya gari hutenganisha. Katika mfumo wa misimbo ya hitilafu unaotumiwa na watengenezaji wengi, P2463 hutaja mrundikano wa masizi, na P242F hutaja mrundikano wa majivu. Kuifasiri misimbo hiyo miwili kwa sentensi moja, kama inavyofanyika katika baadhi ya programu za simu, ni kosa la tafsiri lenye bei.

Kuziba

Kitenzi “ziba” hutumika bila yambwa (“bomba limeziba”) na kwa yambwa (“ameziba pancha”). Matumizi ya kwanza hutaja hitilafu, ya pili hutaja matengenezo. Kwenye ekzosi maana zote mbili hukutana. “Ekzosi imeziba” ni kwamba moshi haupiti. “Fundi ameziba ekzosi” ni kwamba tundu lililokuwa likivujisha moshi limechomelewa. Ujumbe mfupi wa simu unaosema “ekzosi imezibwa” unaweza kumfanya mwenye lori afurahi au aingiwe na hofu. Kinyume chake, “zibua” na “zibuka”, hakina utata, na mwandishi makini atakitumia kila inapowezekana: “kichujio kimezibuliwa”.

Kupima, kusoma, kubaini

Katika Kariakoo gari “hupimwa”. Fundi huchomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani, husubiri, kisha hutangaza matokeo. Kitenzi ni kilekile cha hospitali: mgonjwa amepimwa. Hata hivyo, kupima ni kupata kipimo tu, na kipimo si ugonjwa. Hospitalini daktari husoma kipimo, huuliza maswali, ndipo hubaini. Gerejini hatua ya tatu mara nyingi humezwa na ya kwanza, na lugha inasaidia kuimeza, kwa sababu “gari limepimwa” husikika kama “tatizo limejulikana”. Kwa istilahi ya mchakato mzima yafaa kutumia “utambuzi wa hitilafu” au kitenzi “kubaini”. “Uaguzi”, ambalo wengine wamelipendekeza, linabeba ramli ndani yake. Labda si bila haki kwa baadhi ya gereji, lakini halifai kitabuni.

Mfano wa vitenzi hivi vikifanya kazi ni huu. Lori la mzigo linakwenda bandarini na kurudi Kariakoo, siku nzima, kwa mwendo wa mkokoteni. Limepoteza nguvu na taa imewaka. Mashine inasoma P2463. Hapo limepimwa. Swali linalofuata ni iwapo kipimo chenyewe ni cha kuaminika. Kompyuta haina jicho ndani ya kichujio. Hukadiria masizi kwa hesabu zake na kwa kihisi cha tofauti ya shinikizo, ambacho hulinganisha shinikizo la moshi mbele na nyuma ya kichujio kupitia mipira miwili myembamba. Ufunguo ukiwashwa bila kuwasha injini, hakuna moshi unaopita, hivyo kihisi lazima kisome sufuri au karibu na sufuri. Kikisoma kingine, kinachosema uongo ni kihisi chenyewe. Mpira mmoja ukipasuka, ukiyeyuka au ukijaa maji, kichujio kizima kitaonekana kimeziba, au kilichoziba kitaonekana kizima. Kuna magari yaliyotolewa kauri yake kwa sababu ya kipande cha mpira.

Kihisi kikiwa sahihi na shinikizo likipanda sana injini inapoongezewa mizunguko, hapo inathibitika kwamba kichujio kimejaa kweli. Bado haijabainika kwa nini. Kichujio huugua kwa sababu ya wengine. Nozeli inayovuja hutapika dizeli isiyoungua. Tabo iliyochakaa hupitisha oili. Bomba la hewa lililopasuka kati ya tabo na injini huinyima injini pumzi, na masizi huongezeka. Vali ya kurudisha moshi ikikwama wazi, vivyo hivyo. Hata themostati iliyokwama wazi yatosha: injini haifikii joto lake, na kompyuta haitaruhusu masizi yaunguzwe. Mashine zikimaliza kusema, ziko dalili zisizohitaji umeme. Kiwango cha oili kinachopanda kwenye stiki badala ya kushuka ni dalili kwamba dizeli inachuruzika ndani ya oili, kwa kawaida kutokana na majaribio mengi ya kuunguza masizi yaliyokatizwa. Kidole kikiingizwa kwenye mdomo wa ekzosi kikatoka cheusi, kichujio kimepasuka au hakimo, kwa kuwa ekzosi ya gari lenye kichujio kizima haipaswi kuwa na masizi. Njia hii ya kidole inamfaa sana anayenunua gari lililotumika. Ifanywe injini ikiwa baridi.

Kuunguza masizi

Tendo la kichujio kujisafisha halina jina moja. “Rijenaresheni” husikika kwa mafundi waliosoma vyuoni. “Kichujio kinajichoma” husikika mitaani, na linapotosha, kwa sababu kirejeshi “-ji-” humfanya mtenda kuwa mtendwa: msikilizaji ataona kifaa kinateketea. Kinachoungua ni masizi. “Kuunguza masizi” ni rahisi, ni wazi, na hunyambulika vizuri: masizi huunguzwa, uunguzaji, uunguzaji uliokatizwa.

Aina zake ni tatu, na mfasiri azitofautishe. Uunguzaji wa mwendoni hutokea wenyewe, taratibu, moshi unapofika kati ya nyuzi za Selsiasi 250 na 400 hivi, kwa msaada wa kemikali zilizomo katika moshi wenyewe. Hapa kompyuta haifanyi lolote. Uunguzaji wa kuamshwa huanzishwa na kompyuta, ambayo huongeza dizeli kidogo baada ya mlipuko wa kawaida ili joto ndani ya kichujio lifike nyuzi 600 hivi. Dereva anaweza kuona mizunguko ya injini imepanda gari likiwa limesimama, ulaji wa mafuta umeongezeka, au feni inaendelea kuvuma baada ya kuzima. Wengi huzima papo hapo wakidhani gari linachemsha, na hivyo hulikatiza lile ambalo lingewaokoa. Uunguzaji wa kulazimishwa huamriwa na fundi kwa mashine.

Foleni ya Msimbazi au ya Uhuru haitoi nafasi kwa aina ya kwanza, na mara nyingi huikatiza ya pili. Ndiyo maana ushauri wa kulitoa gari mjini na kulikimbiza mpaka Chalinze, ambao baadhi ya wateja huuona kama fundi anatafuta safari, una msingi. Hausaidii kitu, hata hivyo, kama ni majivu yaliyojaa au kama nozeli inavuja.

Malori madogo ya Kijapani yana kitufe cha kuamuru uunguzaji gari likiwa limesimama. Taa yake hupepesa, na maandishi kwenye dashibodi huwa ya Kijapani, yakiwa na neno “saisei”, lenye maana ya kuhuisha. Dereva asiyejua maana hulipuuza kwa wiki nzima, hadi gari linapojizuia nguvu. Hali hiyo ya mwisho mafundi wengi huitaja kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili kina “kuchechemea”, linalobeba maana nzima: mguu ungalipo, ila unalindwa. Kibandiko kidogo chenye maneno “Simama, unguza masizi” kingefanya kazi ambayo kamusi nzima haitaifanya. Kibandiko hicho kiongeze onyo: ekzosi huwa na moto mkali wakati huo, kwa hiyo lori lisiegeshwe juu ya maboksi, mifuko ya nailoni au nyasi kavu, vitu ambavyo viwili vya mwanzo havikosekani Kariakoo.

Maneno mawili yanayogongana

“Sensa” kwa maana ya kihisi imeenea gerejini, lakini katika Kiswahili sanifu sensa ni hesabu ya watu, kama ile ya mwaka 2022. Kihisi (wingi: vihisi) kipo, kinatumika, na kinatosha. “Kodi” kwa maana ya msimbo wa hitilafu ni baya zaidi. Fundi anayemwambia mfanyabiashara wa Kariakoo “nimekufutia kodi” anazungumza katika mitaa ambayo maduka yalifungwa kwa mgomo Mei 2023 kwa malalamiko ya kodi. Iandikwe “msimbo”, na isisahaulike kwamba kufuta msimbo ni kuzima taa tu. Masizi hubaki palepale.

Nyongeza kwa wafasiri wa lebo za oili

Kwa kuwa majivu hutoka katika oili, injini zenye kichujio cha masizi huhitaji oili yenye majivu kidogo. Lebo za Kijapani hutumia viwango vya JASO: DL-1 kwa magari madogo ya dizeli na DH-2 kwa malori. Za Ulaya hutumia kundi la C la ACEA. Alama hizi zisifasiriwe, ziachwe zilivyo. Kinachofasiriwa ni maelezo yake. Tafsiri “oili nyepesi”, inayoonekana kwenye baadhi ya vibandiko vya madukani, ni potofu, kwani wepesi wa oili na uchache wa majivu ni mambo mawili yasiyohusiana. Iandikwe “oili yenye majivu kidogo”.